Safari ya Nchi Kavu Huanzia Nyumbani

Mtu atokaye Isiolo kwa njia ya Kipsing hufika Oldonyiro akiwa amejaa vumbi kichwani hata miguuni. Mji ni mdogo, nao uko pembe ya magharibi ya Kaunti ya Isiolo, pale inapopakana na Laikipia na Samburu. Wenyeji wake wengi ni Wasamburu na Waturkana, watu wa mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia. Siku ya mnada malori hufika kutoka mbali, wanyama wakapandishwa, fedha zikahesabiwa, na jioni malori yakaondoka yakiacha vumbi nyuma yao. Kijana aliyemaliza kidato cha nne husimama kando ya zizi akiyatazama, na moyoni hujiuliza: Barabara ile inakwenda wapi?

Jibu ni kwamba inakwenda mbali sana. Kutoka Oldonyiro barabara ya vumbi hufika Isiolo, na Isiolo ndipo ilipo barabara kuu ya lami iendayo kaskazini hata Moyale, na kutoka Moyale hata Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia. Barabara hiyo ni sehemu ya njia kuu iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Kwa hiyo kijana wa Oldonyiro hana haja ya kwenda pwani kutafuta meli, wala Nairobi kutafuta ndege, ili aione nchi ya kigeni. Mlango uko karibu naye. Lakini mlango kuwa karibu si sababu ya kuupita bila kujitayarisha, maana waliopita hivyo wako, na wengine hawajarudi.

ZAMANI PALIKUWA NA KIZUIZI

Yafaa vijana wa leo wajue ya kwamba babu zao hawakuwa na uhuru wa namna hii. Chini ya sheria ya mwaka 1902 sehemu za kaskazini ziliweza kufungwa, mtu asiingie wala kutoka bila ruhusa. Sheria nyingine ya mwaka 1934 iliwapa maofisa wa Serikali ya kikoloni uwezo mkubwa zaidi juu ya mwendo wa watu na mifugo yao. Isiolo ilikuwa makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na hapo ndipo palipokuwa na kizuizi. Asiyekuwa na hati alirudishwa alikotoka.

Wengine wa nchi hii waliofika Ethiopia kwa nchi kavu katika siku hizo walikwenda kwa bunduki mabegani. Waitalia waliiteka Moyale katika Julai 1940, nayo ikarudishwa katika Februari 1941, na askari wa King's African Rifles wakawa miongoni mwa majeshi yaliyoingia Ethiopia kuwatoa Waitalia. Mfalme Haile Selassie akarudi Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941. Hao walipangiwa safari yao na jeshi: chakula, viatu, mablanketi na dawa. Kijana wa leo hana jeshi la kumpangia. Hapana budi ajipangie mwenyewe.

Hata baada ya Uhuru njia ilikuwa ngumu. Wasafiri wa kati ya Moyale na Isiolo walikaa juu ya malori, mara nyingi juu ya ng'ombe wenyewe, siku mbili au tatu, na mvua iliponyesha wakakwama wiki nzima. Kazi ya kutia lami ilianza upande wa Isiolo mwaka 2007, na ilipokwisha, baada ya miaka kumi hivi, safari ya karibu kilomita 500 ikawa ya siku moja. Urahisi huo ni jambo jema. Lakini umewafanya vijana wengine wadhani ya kwamba safari nzima ni kukata tikiti tu.

SHAURI LA NYUMBANI

Maandalizi ya kwanza hayahusu mfuko wala viatu. Yanahusu wazee. Katika nyumba ya mfugaji, fedha za safari hutoka zizini, na zizi si mali ya kijana peke yake. Mbuzi anayeuzwa ili kulipa nauli ndiye mbuzi ambaye angelipa karo ya mdogo wake, au angekamuliwa maziwa ya mtoto. Watu wa Oldonyiro hawajasahau ukame uliodumu tangu mwaka 2020 hata 2023, misimu mitano ya mvua ilipokosa, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa nchini Kenya. Nyumba zilizokuwa na mbuzi mia zikabaki na kumi. Kwa nyumba kama hiyo, kuuza watano si jambo dogo.

Basi kijana mwenye akili huketi na baba na mama yake, akawaeleza mambo manne bila kuficha: anakwenda wapi, anakwenda kufanya nini, atakaa muda gani, na atakula nini huko. Asiyeweza kuyajibu hayo mbele ya mama yake hataweza kuyajibu mbele ya afisa wa mpakani. Pengine wazee watakataa kwanza. Si ajabu. Mzazi anayekataa mara nyingi anaomba tu apewe sababu za kutosha. Wakiisha kuridhika watatoa baraka zao, na mtu aliyeaga vizuri huwa na mahali pa kurudi hata safari ikiharibika.

Jambo jingine ni wakati wa kuuza. Mbuzi mnene baada ya mvua huleta bei njema, na mbuzi huyo huyo katikati ya kiangazi, mbavu zikihesabika, huuzwa kwa bei ya kutupa, maana siku hiyo kila mtu anauza. Anayekusudia kusafiri katika Januari na auze wanyama wake wakiwa bado na mafuta, aweke fedha benki au kwenye simu, asingoje wiki ya mwisho.

KIJANA ALIYETEMBEA HATA KHARTOUM

Kuna kisa cha kweli kinachofaa kukumbukwa. Katika Oktoba 1958 kijana mmoja wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi, aliondoka kijijini kwao kaskazini mwa nchi hiyo akikusudia kufika Marekani kusoma. Jina lake ni Legson Kayira. Alichukua chakula cha siku tano, shoka ndogo, Biblia, na kitabu cha safari ya Msafiri kilichoandikwa na John Bunyan. Hakuwa na pasipoti, wala fedha, wala hakujua vizuri Marekani iko umbali gani. Alitembea akipita Tanganyika, akifanya vibarua vijijini ili apate chakula na mahali pa kulala, mpaka akafika Kampala mwanzoni mwa mwaka 1960. Huko aliingia maktaba, akapata habari za chuo kimoja katika jimbo la Washington kiitwacho Skagit Valley, akakiandikia, nacho kikamkubali. Akaendelea kaskazini hata Khartoum, na huko balozi mdogo wa Marekani akamsaidia kupata viza. Alifika chuoni mwishoni mwa mwaka 1960, zaidi ya miaka miwili tangu alipoondoka kwao. Baadaye alikuwa mwandishi wa vitabu, na kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 1965.

Wengi husimulia kisa hiki ili kuonyesha ya kwamba moyo hushinda yote. Ni kweli moyo wake ulikuwa mkubwa. Lakini mtu akikitazama vizuri ataona jambo la pili. Safari ya Kayira ilifunguka alipokaa Kampala, akasoma, akaandika barua, akapata jibu. Miguu ilimfikisha nusu ya njia, na karatasi zikamfikisha nusu iliyobaki. Zaidi ya hayo, yeye alipita njia hiyo kabla ya vita vya leo. Leo kijana akitaka kumfuata hata Khartoum ataingia katika moto, maana vita vilizuka Sudan katika Aprili 2023 na mamilioni ya watu wamekimbia nyumba zao. Ujasiri wa kuiga njia ya mtu bila kuuliza hali ya njia hiyo leo ni ujinga.

HATI NA VYETI

Hapa ndipo vijana wengi wa sehemu za wafugaji hukwama. Mtoto aliyezaliwa manyattani, si hospitalini, mara nyingi hukua bila cheti cha kuzaliwa, na upungufu huo hauonekani mpaka siku anapohitaji pasipoti. Cheti kinaweza kupatikana hata kwa aliyechelewa, lakini hutaka barua ya chifu, vitambulisho vya wazazi na vyeti vya shule, na huchukua muda.

Halafu kuna kitambulisho, ambacho wengi bado hukiita kipande. Kwa miaka mingi vijana wa kaunti za kaskazini waliitwa mbele ya kamati za uchunguzi kabla ya kupewa kipande, wakiulizwa maswali ambayo kijana wa Nyeri au Kakamega hakuulizwa. Jambo hilo liliwaumiza wengi, wakajiona wageni katika nchi yao. Katika Februari 1925 bado ilikuwa zama ya vizuizi. Katika Februari 2025, miaka mia baadaye, Rais William Ruto alitia sahihi huko Wajir tangazo la kuuondoa uchunguzi huo wa ziada. Hata hivyo, mwenye busara hangoji mwezi wa safari ndipo akaombe. Mara afikishapo miaka 18 na aende kujiandikisha.

Jambo la tatu ni jina. Majina mengi ya Kisamburu huanza kwa Le, na kila karani huyaandika kama alivyosikia: huyu kwa r moja, yule kwa r mbili, mwingine akiweka e mahali pa i. Kijana akafika ofisi ya uhamiaji na cheti cha kuzaliwa chenye jina hili, kipande chenye jina lile, na cheti cha shule chenye jina la tatu. Kwa jamaa zake yeye ni mtu mmoja. Kwa Serikali ni watu watatu. Kwa hiyo kabla ya kuomba pasipoti, na aziweke hati zake zote mezani, azisome herufi kwa herufi, na penye kosa alirekebishe mapema.

Pasipoti yenyewe huombwa kwa mtandao wa Serikali uitwao eCitizen, kisha mwombaji huenda mwenyewe katika ofisi ya uhamiaji, kama ile ya Embu au ya Nairobi, kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Asimpe mtu wa kati fedha eti amharakishie. Pasipoti ikitoka, na atoe nakala mbili za ukurasa wa picha: moja aiache kwa baba yake, na ya pili aifiche mbali na pasipoti yenyewe.

Raia wa Kenya haombi viza kabla ya kuingia Ethiopia, na jambo hili humpunguzia msafiri gharama na usumbufu mwingi. Lakini ruhusa ya kuingia si ruhusa ya kufanya kazi, wala ya kukaa apendavyo. Na aulize pale mpakani siku alizopewa, aziandike.

Kijana asiye tayari kwa safari kubwa anaweza kuanza na ndogo. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kipande peke yake. Safari ya wiki moja kwenda Kampala humfundisha mtu kulala ugenini, kubadili fedha na kusimama mbele ya afisa wa mpakani, kabla hajafika mahali ambapo lugha yenyewe hataielewa.

AFYA NA FEDHA

Msafiri na achanjwe homa ya manjano, akapewe cheti chake cha rangi ya manjano. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa na nguvu baada ya siku kumi, na tangu Julai 2016 cheti chake hukubaliwa kwa maisha yote ya mtu. Anayechanjwa jana na kusafiri leo hana alichofanya. Malaria iko katika sehemu nyingi za chini njiani, lakini Addis Ababa yenyewe iko juu sana, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na huko adui ni baridi. Kijana wa Oldonyiro aliyezoea jua atatetemeka usiku, na siku mbili za kwanza ataona pumzi inampungukia akipanda kilima. Asiogope, na apumzike, anywe maji safi, mwili utazoea.

Kuhusu fedha, kanuni ya kwanza ni kuzigawa mafungu matatu: nauli ya kwenda, matumizi ya huko, na nauli ya kurudi. Fungu la tatu haliguswi hata iweje. Vijana wengi waliopotea ugenini hawakupotea kwa sababu ya maovu yao. Waliishiwa na nauli ya kurudi, wakaona haya kuwaambia watu wa nyumbani, na haya hiyo ikawatupa mikononi mwa watu wabaya.

Fedha za Ethiopia huitwa birr, na bei yake imeshuka sana tangu nchi hiyo ilipolegeza masharti ya ubadilishaji katika Julai 2024. Pale Moyale vijana wengi humwita msafiri wakitaka kumbadilishia barabarani. Ni afadhali kwenda benki, kwa kuwa benki humpa mtu risiti, na noti za bandia hazina dawa. Pia asitegemee simu yake kama anavyoitegemea Isiolo. Kampuni ya Safaricom ilianza kazi Ethiopia mwaka 2022 na M-Pesa ikaanza huko mwaka 2023, lakini laini ya Kenya na laini ya Ethiopia si kitu kimoja. Na awe na fedha mkononi, katika mahali pawili pa siri.

MZIGO

Mzigo mzuri ni ule ambao mwenyewe anaweza kuubeba akikimbia. Nguo za kubadili jozi mbili, sweta nzito, shuka moja ambayo ni blanketi usiku na mto mchana, viatu vilivyokwisha kuzoea miguu, sabuni, mswaki, chupa ya maji, dawa za kichwa na za tumbo, tochi, kalamu na daftari dogo. Daftari hilo na liandikwe namba za simu za baba, za chifu, na za ubalozi wa Kenya ulio Addis Ababa. Simu ikiibiwa au ikizimika, daftari halizimiki.

Lakini kuna vitu vya kuacha nyumbani. Kijana wa Kisamburu hajioni amevaa bila simi kiunoni na rungu mkononi. Manyattani ni heshima yake. Katika basi na mpakani ni silaha, nayo itachukuliwa, na huenda mwenyewe akachukuliwa pamoja nayo. Na amkabidhi ndugu yake. Kadhalika asichukue kitu chochote kitokanacho na wanyama wa porini, kama pembe au ngozi ya chui, hata kama ni urithi wa babu. Sheria ya wanyama ya mwaka 2013 ina adhabu kali sana, na haiulizi habari za babu. Wala asikubali kubeba furushi la mtu asiyemjua, hata akiambiwa ni sukari.

NJIA YENYEWE

Safari ya kwanza, ile ya Oldonyiro hata Isiolo, ndiyo fupi, lakini ndiyo isiyotabirika. Njia hukatwa na mito ya mchanga iitwayo laga. Kiangazi laga ni kavu kama sakafu, na mvua ikinyesha milimani maji hushuka ghafula, gari likangoja mpaka yapungue. Msafiri na afike Isiolo siku moja kabla ya basi lake.

Kutoka Isiolo basi huvuka Ewaso Ng'iro pale Archer's Post, mlima wa Ololokwe ukasimama kushoto kama ukuta, kisha Merille, Laisamis, na Marsabit yenye msitu na ukungu katikati ya nchi kavu. Baada ya Marsabit huja nyanda za Dida Galgalu, mawe meusi mpaka upeo wa macho, na Turbi, na mwisho Moyale. Vituo vya polisi viko njiani, nao watataka kipande. Na akiweke karibu, ajibu kwa adabu na kwa ufupi.

Moyale ni mji mmoja wenye nchi mbili. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa katika Desemba 2020 na Rais Uhuru Kenyatta na Waziri Mkuu Abiy Ahmed, ili msafiri amalize mambo ya nchi zote mbili mahali pamoja. Watu wa mpakani huvuka kwenda sokoni na kurudi, na kijana ataona hakuna awauliziaye muhuri, akadhani naye yuaweza kupita hivyo. Huo ni mtego. Aendaye mbele ya Moyale bila muhuri katika pasipoti yake amekuwa mhalifu bila kujua, na atajulikana katika kizuizi cha kwanza. Ni bora kuvuka asubuhi, kupigwa muhuri, na kuuliza hali ya usalama huko mbele, kwa sababu kusini mwa Ethiopia pamekuwa na mapigano ya mara kwa mara miaka ya karibuni. Akiambiwa ngoja, na angoje.

Kutoka hapo hata Addis Ababa ni zaidi ya kilomita 750, kupitia Yabelo, Dilla penye kahawa nyingi, Hawassa kando ya ziwa, na Shashamane. Si safari ya kukimbiza siku moja. Msafiri na alale njiani.

MAMBO YA UGENINI

Jambo la kwanza atakaloliona baada ya mpaka ni kwamba magari yamehama upande. Kenya magari hupita kushoto. Ethiopia hupita kulia. Aliyezoea kutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka barabara na ajifunze upya, kwa kuwa gari la kwanza litamtokea kushoto.

La pili litamfurahisha. Waethiopia huhesabu saa kama Waswahili: jua likichomoza siku huanza, na saa baada ya hapo ndiyo saa moja. Mzungu huchanganyikiwa na kukosa basi, lakini kijana wa Kenya atajiona yuko nyumbani. Kalenda lakini ni kitu kingine. Mwaka wao una miezi 13, kumi na miwili ya siku thelathini na mmoja wa siku tano au sita. Mwaka mpya wao huanza katika Septemba, na hesabu ya miaka iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Akisoma tarehe katika tikiti na aulize ni tarehe ya kalenda ipi.

Kiborana cha Isiolo kitamfaa sana hata Yabelo na mbele yake, kwa sababu ni ndugu wa Kioromo. Addis Ababa watu wengi husema Kiamhara, na neno la kushukuru, ameseginallehu, ingawa ni refu, humfungulia mgeni milango mingi. Chakula chao ni injera, mkate mpana wa nafaka ya tefu, na watu hula sahani moja kwa mkono wa kulia. Siku za Jumatano na Ijumaa Wakristo wa Orthodoksi hufunga nyama na maziwa. Mtu wa nyama na maziwa ataona ajabu, lakini na aheshimu, ale dengu.

WADANGANYIFU

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Siku hizi katika miji midogo hutokea mtu nadhifu, mwenye simu nzuri, akisema anajua kazi Uarabuni au Ulaya, na njia ni ya nchi kavu. Nauli italipwa baadaye, mshahara ni mkubwa, pasipoti yeye ataitunza. Maneno hayo matatu yakikutana mahali pamoja, kijana na asimame, aende zake. Kenya ina sheria ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, na kampuni za kupeleka wafanyakazi nje hutakiwa kuwa na leseni, majina yao yakawekwa katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Orodha hiyo yaweza kuulizwa. Mtu wa haki hakasiriki akiulizwa leseni. Na pasipoti hashikiwi mtu na mtu mwingine, ila afisa anayeipiga muhuri.

Wahenga walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure. Si vibaya kijana wa Oldonyiro atamani kuona Addis Ababa, mji ambako nchi za Afrika ziliunda umoja wao tarehe 25 Mei 1963, na ambako katika makumbusho mtu huona mfano wa mifupa ya kale iitwayo Lucy, iliyochimbuliwa nchini humo mwaka 1974. Atakayoyaona yatamfaa, na yatawafaa walio nyumbani pia. Atajua bei ya ngamia huko, jinsi wenzao wa Borana wanavyochimba na kugawana maji ya visima vyao virefu, na jinsi watu wengine wanavyoishi na nchi kavu kama yao.

Lakini wahenga hao hao walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Safari njema hupimwa siku ya kurudi. Kijana ateremke pale Oldonyiro siku ya mnada, vumbi kichwani, pasipoti mfukoni, pengine bila shilingi ila habari tele, na mama yake amtambue kutoka mbali kwa mwendo wake. Mbuzi watano walioondoka zizini watakuwa hawakuondoka bure.